Bega la Mti

Kila jioni Triza alipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, alisimama katikati ya sebule na kuuliza kwa sauti ya kupenya ukuta, "Mama, leo umesimama?"

Na kutoka chumbani, nyuma ya mlango ulioegeshwa, mama yake alijibu, "Nimesimama, mwanangu. Nimesimama vizuri."

Makau, mume wa Triza, alikuwa kwenye kochi ameshika gazeti. Hakuinua macho. Hakuna mtu aliyesimama mchana ule, wala ule wa jana yake. Mama Phelister alikuwa ameshinda kitandani, mguu wa kulia juu ya mto, naye Makau ameshinda uani akichonga twiga. Triza alimtazama mumewe kutafuta ushahidi, mumewe akafungua ukurasa wa michezo. Kimya cha mtu mwenye adabu kina heshima yake, lakini hiki kilikuwa kimya cha mtu anayeshiriki uongo, na Makau aliijua tofauti.

Mambo yalianzia Bungoma. Mama Phelister alikuwa akitoka soko la Chwele na kapu lake la ndizi, bodaboda ikakwepa shimo na kumpata yeye. Kifundo cha mkono wa kushoto kiliteguka. Mguu ndio ulioumia hasa, mfupa wa muundi ukapondeka chini kidogo ya goti. Wako jamaa waliotaka aitwe mzee wa kuunga mifupa pale kijijini, lakini Triza hakutaka hata kuwasikiliza. Alimfuata mama yake, akamleta mpaka Nairobi, na hospitali moja ya Eastleigh ikampokea.

Daktari wa mifupa aliitwa Awale, mzaliwa wa hapo hapo Eastleigh, mtu mrefu mwenye subira ya mtoto aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka. Angeweza kukueleza jambo lile lile mara tatu bila kukunja uso. Baada ya upasuaji aliwaita Triza na Makau, akawawekea picha ya eksirei mbele ya mwanga.

"Mfupa nimeuinua nikaurudisha mahali pake, nikaufunga kwa bamba na skrubu," alisema. "Lakini ndani palibaki shimo. Mfupa uliopondeka ni kama mkate uliokaliwa. Ukiuinua, katikati hakuna kitu. Basi hilo shimo nimelijaza."

"Kwa gundi?" Makau aliuliza.

"Kwa kioo. Siyo cha dirisha. Ni chembechembe zenye chokaa na fosfeti, madini yale yale yaliyomo ndani ya mfupa. Mwili hauzioni kuwa ni ngeni. Majimaji ya mwili yakizifikia, zinaanza kuyeyuka taratibu kwa nje, zinafanya utando unaofanana na mfupa, halafu seli za mfupa zinaupanda ule utando na kuanza kujenga. Miezi ikienda, kioo kinapungua na mfupa unaongezeka. Kazi yake ni kushika nafasi, kisha kuondoka."

Makau alikuwa mchongaji tangu ujana wake, mtu wa Wamunyu kule Ukambani, na habari za kuziba mashimo hakuhadithiwa. Twiga wa mjakaranda akipasuka shingo, unachukua unga wa mbao ile ile, unauchanganya na gundi, unajaza ufa, unapiga msasa, unapaka rangi ya viatu, na mtalii anamnunua huku akimsifia shingo. Ila kiangazi kimoja kikipita, mti husinyaa na kile kiraka hudondoka chenyewe.

"Daktari, usinione mbishi," alisema. "Miaka yote hii nimeziba nyufa. Sijaona kiraka kikigeuka kuwa mti."

"Kwa sababu mti wako ulishakufa," Dkt. Awale alisema. "Mfupa wa mama uko hai."

Kisha akatoa masharti. Wiki sita za kwanza mama asikanyage kabisa. Baada ya hapo aanze kukanyaga kidogo kidogo, siyo mara moja asubuhi tu, bali mara kwa mara mchana kutwa, na kila wiki aongeze uzito. Kwa kuwa mkono wa kushoto haungeweza kushika vyuma vya kutembelea, lazima awepo mtu ubavuni mwake wa kumwegemea. "Mfupa nao ni mvivu," alisema. "Usipoupa kazi haujengi. Nani anashinda nyumbani?"

"Mimi," alisema Makau. Triza akatazama ukutani, na daktari akaandika kwamba mambo yako sawa.

Hayakuwa sawa hata kidogo. Kwao Triza, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawapishani kwenye ukumbi mwembamba, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe ila kwa jambo lililomshinda Mungu kulizuia. Makau naye asingeweza kusema hayo ni mambo ya watu wa Bungoma, maana Wakamba wanayo yao, wanaiita nthoni, na ndiyo hiyo hiyo: heshima iliyochanganyika na aibu mpaka huwezi kuzitenganisha. Alipokuwa mdogo alimwona baba yake akiingia kwenye shamba la mihogo la watu, na suti yake ya kanisani, ili asikutane na mama mkwe njiani. Sasa leo aambiwe amshike mama mkwe kiunoni?

Hapo nyumbani kwao, mtaa wa Buruburu, walikuwa wameishi vizuri kwa sheria ndogo ndogo. Makau alikohoa kabla ya kupita ukumbini. Chakula cha mchana alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, akabisha hodi na kwenda zake. Binti yao Ndindi alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mama alipewa chumba chake, akalala chini ya picha za wanamuziki wenye nywele za rangi. Wiki zile za mwanzo Muhonja, mama jirani, alikuja kila mchana kumsaidia. Kisha Muhonja akafiwa, akasafiri Vihiga, hakurudi upesi. Triza alimwogesha mama asubuhi, akamsimamisha haraka haraka huku akitazama saa, akakimbilia kazini mjini. Mchana ukabaki wa watu wawili wasioweza kugusana.

Siku ya kwanza Makau alisimama nje ya mlango. "Mama, daktari alisema wakati umefika wa kusimama."

"Alisema kweli, Baba Ndindi," sauti ilijibu kutoka ndani. "Nitasimama."

"Nije?"

"Rudi kwa kazi yako, mwanangu. Mimi nitajipanga."

Akarudi, na kusema ukweli alirudi mbio. Kwenye kigoda chake uani, akiwa amembana twiga kati ya nyayo na kulishusha tezo lake polepole, alijitafutia sababu, na mtu akitafuta sababu haikosi. Alijiambia kuwa kilichozibwa huachwa kikauke. Hakuna fundi anayemtikisa twiga aliyetiwa gundi asubuhi. Mguu ukipumzika vizuri, utashika vizuri. Daktari ni daktari, lakini ufa ni ufa. Kwa hoja hiyo alilala usingizi mzuri wiki baada ya wiki, na kila jioni mama alipojibu "Nimesimama," yeye alifungua gazeti.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wao waliumbuliwa na eksirei.

Siku ya kurudi hospitali mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, leso imefika machoni, Triza nyuma yake, Makau mbali kidogo karibu na mlango kama kawaida. Dkt. Awale aliziweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Hata asiyesomea angeona. Zile chembe zilionekana moja moja, kila moja na kingo zake, kama chumvi ya mawe iliyomwagika. Zilikuwa vile vile zilivyowekwa.

"Mama amekuwa akisimama?" daktari aliuliza.

"Amekuwa akisimama," alisema mama.

"Kila siku, daktari," alisema Triza. "Mimi mwenyewe namuuliza."

Daktari alizitazama picha tena. "Mfupa hausemi hivyo. Kwa wakati huu ningetarajia kingo zianze kufifia. Huku mfupa haujaja kabisa, ni kama haukualikwa." Hakusema kwa ukali, na hilo liliwachoma zaidi. "Nitawapa muda mara moja tu. Nikiiona picha hii hii tena, itabidi nifungue, nichukue mfupa kwenye nyonga yake nijazie. Kwa umri wa mama sipendi kufanya hivyo. Na baada ya hapo sijui kama atatembea bila kushikiliwa."

Mama Phelister alishusha leso mpaka kidevuni. Alilishika goti lake la kulia kwa mkono wake mzima, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Makau aliona mama mkwe wake ni mwanamke aliyeogopa. Alijua anaogopa nini. Kila usiku aliolala katika nyumba ya mkwewe ulikuwa usiku wa deni moyoni mwake. Alitaka kurudi kwake, kwa ng'ombe wake na jiko lake, akienda kwa miguu yake. Sasa Triza alikuwa amegeuka kumkabili mama yake, mdomo wazi, tayari kumuuliza mbele ya daktari na muuguzi kwa nini alidanganya.

"Ni mimi," Makau alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi sikumsimamisha. Nilijiambia kikiachwa kitakauka. Mama asiulizwe."

Hakusema yote, lakini alichosema kilikuwa kweli, na kilitosha kuelekeza hasira mahali pake. Triza hakuongea naye njia nzima ya kurudi. Mama naye hakuongea, ila walipofika nyumbani, kabla mlango wa chumba haujaegeshwa, alisema bila kumtazama mtu, "Asante, Baba Ndindi."

Usiku Triza alilipuka. "Mko watu wazima wawili. Mama atakatwa mguu juu ya haya zenu?"

"Hakusema kukatwa."

"Makau."

"Nimesikia."

Triza alikaa kitandani. Hasira ilikuwa imemwisha, amebaki na uchovu. "Ungekuwa umefanya ile safari, haya yote hayangekuwapo," alisema. Makau alijua safari gani. Kwao Triza, mkwe hupeleka blanketi na mbuzi kwa mama mkwe, mbele ya kaka za mke, na siku hiyo aibu huondolewa. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana kwa mkono, na mama akija mjini anakula mezani na kulala kama mgeni mwingine. Tangu harusi Makau alikuwa akisema mwaka huu ataenda. Mara mvua, mara oda ya vinyago, mara ada ya Ndindi. Na sasa mbuzi hangeweza kuletwa Buruburu, wala mama hangeweza kupelekwa Bungoma, na jambo lile halifanyiki kwa simu.

Kesho yake Triza aliomba ruhusa kazini, akawaita wote wawili kama mwalimu. Alimwinua mama kitandani, akamwambia Makau asogee, ampe bega. Makau alisogea. Aliinama kidogo, macho kwenye sakafu, jasho likimtoka kwapani. Mama Phelister aliuinua mkono wake wa kushoto, ukafika karibu na shati la mkwewe, ukasimama hapo hewani. Kisha akaurudisha, akajifunika uso kwa leso, akaketi. Analia au anasali, Makau hakujua.

"Siwezi, mwanangu," alimwambia Triza. "Usinilazimishe kuwa mtu mwingine nikiwa uzeeni."

Makau alitoka akaenda uani. Twiga wasiokamilika walimwangalia kwa dharau. Aliwaza juu ya ule mkono uliosimama hewani. Haukukosa mengi kufika, labda unene wa ubao. Kama pale katikati pangekuwa na kitu, kitu chochote, mama asingekuwa amemgusa mtu. Angekuwa ameegemea mti tu, na mti hauna ukwe na mtu.

Alinyanyuka akachagua gogo la mjakaranda, kavu na jepesi, alilokuwa amelitengea kifaru. Akamwita Triza.

"Mpimie mama. Msimamishe mlangoni, uweke alama ya mkaa kwenye fremu kiwiko kinapofika."

"Unataka kufanya nini?"

"Wewe mpimie tu."

Alichonga bega. Ukilitazama haraka lingekuwa kipande cha nira ya ng'ombe, lakini lilikuwa bega: upande mmoja limechimbwa ndani ili likae juu ya bega lake mwenyewe, na kutoka hapo mkono wa mti ulishuka ubavuni hadi usawa wa ile alama ya mkaa, ukaishia kwenye kihori kirefu cha kulaza mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Kukipata kile kichimbo kikae sawa, alijipaka masizi begani, akalibandika gogo, akalitoa, na kila palipokuwa na weusi akapunguza kidogo kwa tezo. Akajipaka tena. Ilimchukua siku nzima na nyingine, na muda wote huo hakugusa twiga hata mmoja. Ndani ya kihori alitandika blanketi kuukuu, Triza akalishona pembeni. Mkanda wa mpira wa tairi ulipita kifuani na kulifunga bega mahali pake.

Alijivika, akabisha hodi chumbani. Triza alikuwa ameenda kazini.

"Mama, nimeleta kitu. Sikugusi, wala wewe hutanigusa. Utaegemea mti."

Mama, aliyeachwa na Triza kwenye kiti kando ya mlango, aliufungua kidogo kwa ncha ya fimbo yake. Jicho moja likalitazama lile bega kutoka juu hadi chini, bila haraka, kama anayekagua ng'ombe sokoni.

"Umechonga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Linakwaruza hapa," alisema, akionyesha ukingo wa kihori. "Litanichuna."

Makau alienda akalipiga msasa, akarudi. Mama Phelister aliulaza mkono wake wa kushoto kwenye kihori, wa kulia ukashika fimbo, Makau akauchukua uzito polepole, na yule mwanamke akasimama. Uzito wake ulipita kwenye mti ukaingia begani mwa Makau, nao ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Alikuwa akimwogopa mtu mwepesi hivi. Walienda mpaka dirishani, hatua za kobe, kila mmoja akitazama upande wake, kisha wakarudi.

"Kesho tena," mama alisema akiketi.

"Hata leo jioni, mama. Daktari alisema mara kwa mara."

"Basi jioni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waliumaliza ukumbi, wakaumaliza ua, na mama alipochoka kuona nguo za kuanika akasema anataka kuona watu. Wakatoka kwenye kichochoro kati ya nyumba. Mtaa mzima ukajua. Luseno, jirani mwenye kibanda cha kunyolea pale kona, alisimama mlangoni na mashine mkononi.

"Niaje Makau. Umekuwa punda wa mathe siku hizi?"

Makau alitabasamu tu. Ni mama aliyejibu. "Punda anafanya kazi. Wewe tangu asubuhi umenyoa nani?"

Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka Luseno akamwambia atulie asikatwe sikio. Tangu siku hiyo Luseno aliwatolea kiti kila walipopita, ili mama apumzike kabla ya kugeuka. Huko njiani waliongea, kwa kuwa watu wanaotembea bega kwa bega hawawezi kunyamaza milele, hata kama bega moja ni la mti. Mama alimuuliza Makau habari za Wamunyu, na kama kweli watu wa huko wanakula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kila siku. Makau alimuuliza kuhusu utoto wa Triza, akaambiwa mambo ambayo Triza alikuwa ameyaficha miaka yote.

Siku moja, karibu na lango la nyumba, mkanda wa tairi ulikatika. Bega la mti lilianguka, kihori kikamponyoka mama mkononi, na Mama Phelister akabaki katikati ya kichochoro na fimbo moja. Makau aligeuka, mikono imetanuka pande zote mbili za mama kama mtu anayezuia kuku, lakini haikumgusa. Hakujua kama anamlinda au anamtega.

"Usinishike," alisema mama. "Subiri."

Alikuwa ameukanyaga mguu wa kulia. Alitazama chini, akausogeza uzito kidogo, akausogeza tena. Maumivu yalimpita usoni, kisha yakaondoka, naye bado amesimama. Akavuta hatua moja, halafu nyingine, mpaka akalishika lango la chuma.

"Yumo mtu humu ndani," alisema, akiupiga mguu wake kofi dogo. "Leta huo mti wako."

Picha ya mwisho Dkt. Awale hakuiweka haraka. Aliiangalia peke yake kwanza, na Makau, karibu na mlango, alinyoosha shingo. Kisha daktari akaibandika kando ya zile nyingine, wala hakuhitaji kueleza. Zile chembe zilikuwa zimefifia. Kingo hazikuonekana. Palipokuwa na chumvi iliyomwagika palikuwa na wingu jeupe lililoungana na mfupa juu na chini, na huwezi kusema hapa kioo kimeishia na hapa mama ameanzia.

"Kioo chote kimeisha?" Makau aliuliza.

"Bado kidogo. Kitaendelea kuisha mwaka huu na ujao, hamtajua hata siku yenyewe. Lakini sasa mfupa unabeba." Daktari alimgeukia mama. "Unaweza kwenda nyumbani. Mlifanyaje?"

"Mkwe wangu alinipa bega," alisema Mama Phelister, na hakutaka kuongeza.

Wekulo, kaka mkubwa wa Triza, alikuja na pikapu kumchukua. Mizigo ilipangwa, Triza akalia kidogo, akafuta machozi, akaanza kugombeza watu kuhusu maji ya njiani. Mama Phelister alitoka nyumbani mwenyewe. Alikuwa na fimbo, lakini aliibeba zaidi kuliko alivyoiegemea. Makau alisimama kando ya lango, mbali kwa kiasi kinachostahili, akisubiri aagwe kwa maneno, jinsi ilivyokuwa desturi.

"Wekulo," mama alisema. "Lete ule mti ulio ukumbini."

Wekulo aliutoa, akaugeuza geuza. "Huu? Mama, si sasa unatembea? Tuuache, utajaza gari bure."

"Uweke mbele, siyo nyuma kwa vitunguu." Akasubiri mpaka mwanawe amefanya hivyo. "Wewe ndiye mkubwa kwenu, kwa hivyo nasema mbele yako, na ukifika uwaambie wenzako. Mbuzi sikumwona. Blanketi liko humo ndani ya kihori, kuukuu, limeshonwa na Triza. Mimi nimelipokea."

Wekulo alifungua mdomo. Alimtazama dada yake, akautazama ule mti, akautazama mguu wa mama yake uliokanyaga changarawe bila woga. "Umelipokea?" aliuliza.

"Nimelipokea. Ama nirudi kitandani ndio mlete mbuzi?"

"Hapana, mama. Kama umepokea, umepokea."

Basi mama akamgeukia Makau. Hakuhitaji kushikiliwa sasa. Aliihamisha fimbo kwenye mkono wa kushoto, akazipita zile hatua chache zilizokuwa kati yao kwa mguu wake, na akanyoosha mkono wa kulia. Makau aliutazama. Miezi yote ile alikuwa ameubeba uzito wa mwanamke huyu na hakujua mkono wake una joto au una baridi. Akaushika kwa mikono yake miwili, akainama. Ulikuwa mkavu, mgumu kwa jembe, na ulikuwa wa moto.

"Mavuno yakiisha nitakuja," Mama Phelister alisema. "Nitakula mezani."

"Karibu, mama," Makau alisema.

Kisha mama akapanda pikapu, mguu wa kulia ukitangulia.